Mzee wa Kiitaliano ananiita kwao, niuze tuktuk niende?

*Shikamoo Halati. Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Barani hapa Malindi na mke wangu na binti yetu wa miaka miwili. Nimekuwa weita katika hoteli moja ya ufuoni kwa miaka sita, na Kiitaliano nakizungumza vizuri. Tangu mwezi wa nne hoteli imefungwa, na msimu uliopita tuliitwa nusu yetu tu. Naendesha tuktuk yangu lakini siku nyengine narudi nyumbani na mia nne.*

*Kuna mzee wa Kiitaliano wa miaka 81, mteja wangu wa kila mwaka, anaishi na dada yake mgonjwa kaskazini mwa Italia. Amenitumia barua ya mwaliko wa miezi mitatu na kuniambia, "Vieni, che il lavoro si trova," njoo, kazi itapatikana. Mwenzangu tuliyefanya naye kazi yuko Bergamo mwaka wa pili sasa, na kila nikifungua simu namwona na jaketi zuri mbele ya theluji. Nimepata mtu wa kununua tuktuk kwa 230,000. Nikitoa tiketi na visa nabaki na kama laki moja ya kuanzia maisha.*

*Mama Aisha sijamwambia, kwa sababu 80,000 za kununulia tuktuk zilitoka kwenye chama chake. Mamangu ana sukari na presha, nikimgusia tu anaanza kulia. Nifanyeje?*

*Baba Aisha, Barani*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma kwa sauti nikiwa jikoni, maana kuna neno moja ndani yake limenikwaruza. Nitalifikia. Kwanza nikujibu ulichouliza: tuktuk usiuze. Safari sijasema usiende.

Hiyo barua uliyotumiwa ni ya kumwita mgeni. Kwa barua hiyo, ubalozi wa Italia kule Nairobi ukikukubalia utakupa visa ya matembezi ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Kwa visa hiyo utalala kwa mzee, utakula naye, atakutembeza utazame milima. Kumbebea mteja sahani hata moja kwa malipo, hapana. Na ukishafika huko huwezi kuingia ofisini ukasema nimepata kazi, nibadilishieni visa yangu. Sheria yao imeanzia upande wa pili: mwajiri anaomba kwanza, ruhusa inatoka wewe ukiwa bado Malindi, ndipo unapewa visa ya kazi Nairobi na kuondoka nayo mkononi.

Simwiti mzee wako mwongo. Nadhani anakupenda kwa dhati, na alipokwambia kazi itapatikana alisema kile ambacho kwake yeye ni kweli. Yeye akitaka kwenda Ufaransa au Ujerumani kesho kutafuta kazi, anabeba begi anakwenda. Hajawahi kusimama pale unapotaka kusimama wewe. Lakini hebu mkumbushe anavyokuja kwetu: anaomba eTA, ruhusa ya kuingia ya mtandaoni, anapewa siku zake 90, anaota jua la Casuarina. Siku akitaka kufungua hata kibanda cha kahawa hapa mjini, itambidi aende Uhamiaji kutafuta kibali cha kazi. Akilitazama hivyo ataelewa upesi.

Sasa nikusimulie jambo la nyumbani kwangu, na silisimulii kwa raha.

Marehemu dada yangu ameacha kijana ambaye alikwenda Italia kwa barua kama hiyo yako. Wiki tatu za mwanzo alikuwa mgeni wa heshima. Wiki ya nne akauliza habari ya kazi, mwenyeji wake akaingia ubaridi, kwani alikuwa ameshaulizia na kuambiwa atajitia matatani. Kijana akatafuta mwenyewe. Akapata kuosha vyombo nyuma ya mkahawa, saa kumi na mbili kwa siku, yuro 30, mkataba hakuna. Wewe unayejua lugha yao umelisikia jina la kazi hiyo, lavoro nero, kazi nyeusi. Wakija wakaguzi anaambiwa atoke kwa mlango wa nyuma. Siku moja ya Januari alisimama baina ya mapipa ya taka na aproni iliyolowa maji ya sinki, mikono ameificha kwapani, mpaka vidole vikafa ganzi. Ndani anamsikia mwenye mkahawa akiwakaribisha kahawa wale wakaguzi.

Siku 90 zikapita, naye akabaki. Alikuwa ameuza kila alichokuwa nacho, na uso wa kurudia nyumbani hakuwa nao.

Mwaka wa pili dada yangu akafariki alfajiri ya Ijumaa, na baada ya swala ya Ijumaa tukamzika. Mimi ndiye niliyemshikia simu mwanawe jeneza lilipokuwa likitoka mlangoni. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za jengo analokaa, na taa ya ngazi za huko hujizima yenyewe. Basi kila baada ya muda kidogo giza linaingia, anainuka, anabonyeza swichi, anarudi kuketi, anamtazama mamake akibebwa, taa inazima tena. Kuja hakuweza, maana angetoka asingeingia tena. Ukiniambia mamako analia ukimgusia safari, mimi huyo mwanamke namwelewa.

Na siku hizi mambo yamekaza zaidi. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen zimeanza kuchukua alama za vidole na picha ya uso ya mgeni anapoingia na anapotoka, kwa hiyo siku zako zinahesabiwa na mashine. Kukaa Italia bila makaratasi ni kosa lenye faini ya kati ya yuro 5,000 na 10,000, na anayefukuzwa kwa kawaida hupigwa marufuku ya kurudi, miaka 3 hadi 5. Laki yako moja ni kama yuro 650 au 700. Mpwa wangu alikuwa akilipa yuro 250 kwa mwezi kwa kitanda kimoja, katika chumba cha watu wanne. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe.

Huyo rafiki wa Bergamo mpigie simu, msizungumze kwa picha. Muulize kibali chake cha kukaa kimeandikwa nini. Muulize mwajiri wake anaitwa nani. Halafu muulize anakuja lini nyumbani. Huenda ana majibu mazuri, nami nitamfurahia. Akianza kuzunguka, na wewe umeshajibiwa.

Nirudi kwenye tuktuk. Unaiona kama nauli. Mimi naiona kama shahidi wako mkubwa. Pale ubalozini watakaoipokea fomu yako watajiuliza jambo moja kabla ya mengine: huyu kijana atarudi? Watatazama akaunti yako ya benki ya miezi iliyopita, kazi yako, watu unaowaacha, tiketi ya kurudi, bima ya safari ya angalau yuro 30,000. Mtu aliyeuza chombo chake juzi na kutia fedha zote benki kwa mkupuo mmoja anatia shaka. Na ada ya visa ni yuro 90, wakikunyima hawarudishi. Utabaki huna visa, huna tuktuk, na bado unadaiwa na mkeo.

Hapo ndipo lilipo lile neno lililonikwaruza. "Mama Aisha sijamwambia."

Baba Aisha, hiyo tuktuk si yako peke yako. Katika magurudumu yake matatu, moja ni la mkeo. Zile 80,000 hakuziokota. Najua vyama vya kina mama vinavyokwenda, mia mbili leo, mia mbili kesho, siku ya zamu yako ikifika una mpango wako nazo wa mwaka mzima. Yeye zamu yake ilipofika alikupa wewe. Sasa unataka kuja kumwambia begi likiwa tayari mlangoni? Hata ungekuwa na visa ya kazi ya miaka kumi, ningekukataza kuondoka hivyo. Mwambie leo usiku mtoto akishalala. Mwambie yote, pamoja na huyo mnunuzi na bei aliyotaja. Mwonyeshe barua ya mzee. Atakasirika, mwache akasirike. Mtu anayebaki na mtoto na mama mgonjwa ana haki ya kuulizwa kabla, tena huenda akawa na wazo ambalo wewe na mimi hatukuliona.

Hasara unayoiogopa naijua. Mji ukikosa wageni huwa mkimya, na kijana mwenye nguvu anayekaa kijiweni mchana kutwa akisubiri abiria wa shilingi hamsini anaanza kujiona hana thamani. Hilo si dogo na sitalifanya dogo. Watu wa pwani wamesafiri tangu zamani. Babu zetu walipakia majahazi wakaondoka na kusi kwenda Arabuni, na nahodha alijua kaskazi itaanza lini kumrudisha kabla hajang'oa nanga. Nataka na wewe uondoke hivyo.

Italia kila mwaka hutoa mgao wa wafanyakazi wa kutoka nje, wanauita decreto flussi. Kwa miaka ya 2023 hadi 2025 mgao ulikuwa watu 452,000 kwa jumla, na ndani yake mna kazi za msimu za mashamba na za hoteli, zinazoweza kufika miezi tisa. Kazi za hoteli ndizo unazozijua wewe. Anayeomba ni mwajiri wa huko, kwa njia ya intaneti, katika siku zilizotangazwa, na nafasi huisha haraka sana. Akikubaliwa hupewa karatasi ya ruhusa ya kukuajiri, nulla osta, nawe ndiyo unayokwenda nayo ubalozini. Ukifika kule, una siku chache tu za kwenda kuomba kibali cha kukaa. Orodha ya nchi zinazopewa kipaumbele hubadilika, kwa hiyo jambo la kwanza kuuliza ubalozini ni Kenya imewekwa wapi mwaka huu.

Kuna na mlango mwingine unaomhusu mzee wako hasa. Wao wana shida ya watu wa kuwatunza wazee majumbani, na mwaka 2025 zilitengwa nafasi 10,000 nje ya mgao wa kawaida kwa ajili ya watunzaji wa watu wa zaidi ya miaka 80 na wenye ulemavu. Yeye ana miaka 81, dada yake mgonjwa. Sijui kama kazi ya kumwogesha mtu mzima na kumpa dawa usiku unaiweza, na usiikubali kwa sababu tu ni Ulaya. Lakini ikiwa unaiweza, aliyekuandikia mwaliko anaweza yeye mwenyewe kuwa mwajiri, mradi kipato chake kiwe kinatosha, maana hilo nalo huangaliwa.

Basi mwandikie kwa Kiitaliano chako kizuri. Mshukuru kwa mwaliko. Mwambie hutaki kuja kuvunja sheria nyumbani kwake, na umuulize kama yeye, au mwenye hoteli anayemfahamu, yuko tayari kukuombea kazi kwa njia ya decreto flussi. Mwambie aende kwenye ofisi za kusaidia wafanyakazi wanazoziita patronato, atafafanuliwa.

Ikiwa atasema hilo haliwezekani lakini njoo tu utembee, na nauli atoe yeye, unaweza kwenda wiki tatu kama mgeni kweli. Zungumza na wenye hoteli, waache wakuone na wakusikie ukizungumza. Kuonana na watu si kosa, kosa ni kuanza kazi. Kisha urudi kwa tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi. Safari ijayo, rekodi hiyo itakusaidia.

Mtu wa tatu asiingie. Akija bwana wa kukuuzia nulla osta kwa laki mbili, hapa au kwa simu, mkimbie. Kuna watu wamefika Italia na karatasi halali kabisa wakakuta mwajiri hayupo, nambari haiingii. Na wakala yeyote wa Kenya anayekuahidi kazi ya nje, angalia kwanza kama ana leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Orodha yao iko wazi.

Wakati unasubiri majibu, tuktuk mtafutie kijana mwaminifu wa kuiendesha nusu ya siku akuletee hesabu, nawe nusu hiyo jifunze kuandika Kiitaliano. Cha kuzungumza unacho, cha ufuoni. Cha kuandika sina hakika, na mkataba unasomwa kwa macho. Fanya na mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi, katika upishi au huduma ya meza, uwe na cheti. Miaka sita ya kubeba sinia bila karatasi haionekani na mtu aliye mbali.

Kwa mamako nenda kesho asubuhi, kabla hujawasha tuktuk. Usimpe habari za Italia kwanza. Mpime sukari, kaa naye, kunyweni chai, halafu umwambie kuwa hakuna linalouzwa na hakuna anayeondoka bila yeye kujua tarehe ya kurudi.

Mzee akikujibu, niletee jibu lake lilivyo, neno kwa neno, tulisome pamoja.

Halati wako