Kabla Hujasema "Ukihitaji Chochote, Nipigie"

Mwaka jana bibi mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani alipata kiharusi. Upande wote wa kulia ukalegea, maneno yakampotea, akabaki na "eeh" moja tu anayoitumia kwa kila kitu. Jumamosi iliyofuata, baada ya sala za jumuiya, tulikwenda kumwona tukiwa watu 14. Tukaimba, tukasali rozari, tukaacha bahasha. Binti yake, ambaye ndiye anayemuuguza, hakukaa hata dakika moja. Mara anaazima viti kwa jirani, mara anachemsha chai yetu, mara anasuuza vikombe. Wakati wa kuaga nikamshika mkono: "Ukihitaji chochote mwanangu, nipigie."

"Asante mama."

Hakupiga. Angepiga aseme nini? Kwamba mama njoo unisaidie kubadilisha shuka zilizolowa? Kauli ile tunaipenda kwa sababu unaondoka unajiona umetoa, na mkononi hujatoa kitu. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unamtaja mtu wa namna hiyo hiyo: anamtakia mwenye njaa ashibe, na hampi kitu.

Mwezi ukapita. Siku moja nakatiza nyuma ya nyumba yao kwenda sokoni, nikamkuta binti kakalia ndoo iliyopinduliwa, usingizi umemchukua, mkononi ana kanga iliyokamuliwa nusu. Siku hiyo sikumuuliza anahitaji nini. Nilimwamsha nikamwambia, "Jumatano saa nane nakuja. Nakaa na mama mpaka saa kumi na moja."

Kama nawe una mgonjwa mtaani kwako, anzia hapo. Taja siku, taja saa, kisha uende hata mvua ikinyesha.

Halafu jifunze kazi, maana upendo usio na ujuzi unaweza kuua. Jumatano ya pili nilimpa Bibi maji akiwa amelala chali, akapaliwa mpaka machozi yakamtoka, nami nikatetemeka kuliko yeye. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyenieleza kwamba kiharusi kinaweza kulegeza hata koo. Mgonjwa alishwe ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, ukisubiri ameze, na abaki ameketi kama nusu saa baada ya kula. Maji na chai vinaweza kumpalia kirahisi kuliko uji mzito, kwa hiyo waulize wataalamu kabla hujamnywesha. Akanionyesha pia kumgeuza kila baada ya saa mbili, mto katikati ya magoti, na kanga iliyokunjwa chini ya mashavu ya miguu ili visigino visiguse godoro. Vidonda vya kulala hupenda sana visigino na makalio. Basi nikajikuta nakagua visigino vya mtu mwingine kwa makini ambayo vyangu havijawahi kuyapata.

Alhamisi Kuu padre huosha miguu ya watu 12 waliokwishaoga na kupaka mafuta nyumbani kwao. Nilikuwa naiona ibada nzuri tu. Sasa nikiiona namkumbuka Bibi na beseni lake la bluu.

Picha usipige. Ile "eeh" yake si ruhusa ya kumrusha kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya.

Wala usijifanye mkombozi. Mimi nilinogewa, nikaanza kwenda kila siku, kwangu wakawa wanakula makande ya jana, na mume wangu akanyamaza ile namna yake. Nikarudi kwenye Luka 10. Msamaria alimfunga yule mtu aliyepigwa na wanyang'anyi majeraha, akamuuguza usiku ule, na kesho yake akatoa dinari mbili, ujira wa kibarua wa siku mbili, akamkabidhi kwa mwenye nyumba ya wageni na kuahidi kurudi. Kisha akaendelea na safari. Hakuhamia pale. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, nadhani waliwaza mambo ya namna hii kuliko orodha za michango. Niliomba watu wanne wa kupokezana, wakapatikana wawili. Mmoja ni kijana ambaye kwenye sala za alfajiri haonekani kabisa. Jumatatu yake anambeba Bibi mzima mzima kumtoa nje aote jua, kazi ambayo mgongo wangu haukubali.

Jumatano ile ya kwanza nilimpa binti ufunguo wa kwangu, nikidhani atapita tu kuoga kisha aende saluni. Saa kumi na moja hakutokea. Saa kumi na mbili nikamtuma mtoto wa jirani akachungulie. Akarudi mbio: "Amelala kwenye kochi, na viatu."

Bibi akasema "eeh." Nikawasha taa.