Muulize Mwalimu: "My" na "of" si kitu kimoja?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Narudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwenye zoezi tuliambiwa tupigie mstari vihusishi (prepositions) katika sentensi hii: "The lid of my pot is on her table." Nikapigia "of", "my", "on" na "her". Nikapata nusu. Kwani "of" na "my" si yote yanasema mali ni ya nani?
Msomaji, Kahama

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa lako limetoka kwenye Kiswahili, na wala si la kijinga. Sisi tunasema mfuniko wa sufuria, sufuria yangu. Hiyo "yangu" ifumue uone: mna "ya" ileile ya "sufuria ya mama", kisha "ngu", ambaye ni mimi. Cha, changu; la, langu. Kwetu kiungo na mwenye mali wameshonwa pamoja. Mwingereza kawatenga: "of" inaunga tu na haimtaji mtu, wakati "my" imeshamtaja.

Mimi mwenyewe yalinikuta. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwalika mwalimu mwenzangu, Mwingereza aliyekuja kujitolea. Nikaandika kikaratasi, nikampa mwanafunzi apeleke: "Come to my on Saturday." Si njoo kwangu? Kikaratasi kilirudi na mwanafunzi yuleyule, pembeni kimeandikwa kwa kalamu nyekundu: "Your what?" Yaani, kwako nini? "My" haikai bila jina linaloifuata. Baadaye nikaja kujua kuwa Waingereza wakiwa mtaani husema "come to mine", maana "mine" inajitegemea. Neno hilo moja tu lingeniokoa.

Kwa hiyo kwenye zoezi, toa neno unalolishuku, weka "Asha's". "Asha's pot", sawa. "On Asha's table", sawa. Hivyo "my" na "her" hapo ni vimilikishi, maneno yanayomtaja mwenye mali. Sasa jaribu "the lid Asha's my pot". Umeona inavyokwama? "Of" ni kihusishi, na "on" vilevile. Vihusishi vyako ni hivyo viwili tu.

Usishangae ukikuta vyote viwili vimekaa jirani, kama "a friend of mine", rafiki yangu mmoja. "Of" inabaki kihusishi, "mine" kiwakilishi kimilikishi. Vijana wengi huandika "a friend of me", na mtahini hana huruma hapo.

Neno lenye hila kweli ni "her", kwa sababu hubeba kazi mbili. Mimi humbadilisha mwanamke kuwa mwanamume. Likigeuka "his", ni kimilikishi. Likigeuka "him", ni mtendwa, au mtu anayefuata kihusishi. Ijaribu hii leo jioni: "Her mother sat near her." Ukipata "His mother sat near him", kihusishi kimebaki kimoja, na unakiona.