Mtoto wa miaka miwili akihamishwa kutoka kwa bibi yake Tukuyu, atabaki na nini kichwani?

Dada, pole na pilika za kuhama. Umesema mtoto ana miaka 2 na miezi 4, amelelewa kwa bibi yake nje kidogo ya Tukuyu, wilayani Rungwe, tangu ulipomaliza likizo ya uzazi, na mwezi ujao mnahamia Dar. Unauliza kama atamkumbuka bibi, na kama kuna la kufanya. Nafundisha darasa la awali hapa Mbeya, na swali lako hatulikosi kila wazazi wanapohamishwa vituo. Nitajibu kwa urefu, kwa sababu majibu mawili uliyopewa na wengine, "mtoto mdogo hakumbuki kitu" na "damu ni nzito, hawezi kusahau", yote yatakupoteza.

Tuanze na leo. Mtoto wa umri huo anakumbuka vizuri tu. Muulize kuku wa bibi wanalala wapi, atakushika mkono akupeleke. Kinachotokea ni kwamba anakumbuka sasa, halafu anasahau baadaye. Watu wazima wakiulizwa jambo la kwanza kabisa wanalolikumbuka, wastani unaangukia kwenye miaka mitatu mpaka mitatu na nusu. Watafiti wa Marekani, Patricia Bauer na Marina Larkina, mwaka 2014 walitoa matokeo ya kufuatilia watoto waliorekodiwa wakiwa na miaka 3 wakizungumza na mama zao juu ya mambo yaliyowapata. Walioulizwa tena wakiwa na miaka 5 mpaka 7 bado walikuwa na zaidi ya asilimia 60 ya mambo yale. Walioulizwa wakiwa na miaka 8 au 9 walibaki na chini ya asilimia 40. Kwa hiyo mwanao akifika miaka mitano bado anamtaja bibi, usiseme kazi imeisha. Kipindi kinachofuata ndicho kinachokula zaidi.

Kwa nini inakuwa hivyo? Sehemu ya ubongo inayohifadhi matukio, hipokampasi, kwa mtoto mdogo inaota seli mpya kwa kasi kubwa. Mwaka 2014 kundi la Sheena Josselyn na Paul Frankland kule Toronto lilionyesha kwa panya kwamba wingi wa seli mpya unavuruga viunganisho vya zamani. Wewe umekulia Rungwe, fikiria njia ya miguu ndani ya migomba. Machipukizi yakiota kwa fujo njia inafunikwa, lakini njia inayopitwa kila wiki haifunikwi. Kupita kwenyewe, kwa binadamu, ni kusimulia.

Hapo inaingia sababu ya pili, lugha, nayo ndiyo unayoweza kuishika mkononi. Gabrielle Simcock na Harlene Hayne wa New Zealand mwaka 2002 walichukua watoto wa miaka miwili mpaka mitatu wakawachezesha na mashine iliyoonekana kama inapunguza ukubwa wa midoli. Baada ya miezi sita au mwaka walirudi kwao. Watoto walikumbuka, waliweza kuonyesha kwa vitendo na kutambua picha, lakini katika kusimulia hawakutumia hata neno moja ambalo hawakuwa nalo siku ya mchezo, ingawa sasa walikuwa wanalijua. Maana yake kwako ni hii: kitu ambacho mwanao hana jina lake leo, kitapata taabu sana kuja kuwa hadithi kesho.

Kwa hiyo mwezi huu uliobaki, kazi kubwa ni majina. Zunguka naye nyumbani kwa bibi, taratibu, siku moja sehemu moja. Jikoni peke yake panatosha siku nzima: mafiga matatu, masizi ukutani, jani la mgomba linalofunika sufuria ya mbalaga (ndizi za kupika), kigoda cha bibi chenye mguu uliolegea, kuni mbichi zinazotoa povu mwishoni na kulia sss kabla hazijashika moto. Mpe jina la kila kimoja, mwache akishike, umuulize kinafanya nini. Maneno kumi au kumi na tano anayoyatamka mwenyewe yanatosha.

Na tafadhali, majina ya Kinyakyusa usiyaache. Mwaka 2000 Viorica Marian na Ulric Neisser waliwahoji Warusi waliohamia Marekani, wakaona kwamba wakiulizwa kwa Kirusi wanatoa kumbukumbu nyingi zaidi za maisha yao ya Kirusi, na wakiulizwa kwa Kiingereza zinakuja zaidi za maisha ya Kiingereza. Lugha ni mlango wa chumba. Mtoto aliyeishi na bibi kwa Kinyakyusa, akifika Dar akasikia Kiswahili kitupu, mlango ule unabaki umefungwa hata kama chumba kina vitu. Ukimwamsha kila siku kwa "ugonile" (umelalaje), naye akajibu "ndaga" (asante) akipewa chakula, umeuacha wazi kwa gharama ya maneno mawili.

Sasa namna ya kuzungumza, maana hapa ndipo wazazi wengi wanaharibu kwa nia njema kabisa. Robyn Fivush na Elaine Reese wamechunguza kwa miaka mingi jinsi mama wanavyozungumza na watoto juu ya mambo yaliyopita. Wapo wanaopanua, wanauliza maswali ya wazi na kuongeza kidogo kidogo. Wapo wanaouliza kama mtihani. Watoto wa wale wanaopanua hukumbuka mengi zaidi na husimulia vizuri zaidi. New Zealand huohuo, kwa Wamaori, ambao kwao habari za ukoo na za zamani ni jambo zito la nyumbani, wastani wa kumbukumbu ya kwanza ya watu wazima ulionekana kuwa kabla ya kutimiza miaka mitatu, mapema kuliko Wazungu wa nchi hiyo. Umri huo hauamuliwi na maumbile peke yake.

Mtihani unasikika hivi: "Unamkumbuka bibi? Ng'ombe wake anaitwa nani? Umesahau? Sema basi!" Mtoto ananyamaza, mama anahitimisha kwamba amesahau.

Mazungumzo yanasikika hivi:

"Mvua hii imenikumbusha kwa bibi. Ilikuwa inapiga bati, tunashindwa kusikiana."
"Kuku."
"Eeh, kuku! Kuku waliingia ndani wamelowa. Walikimbilia wapi?"
"Chini."
"Chini ya kitanda cha bibi. Bibi akafanyaje?"

Umelichukua neno lake moja, umelirudia, umeliongezea jambo moja ambalo kweli lilitokea, umeuliza "wapi", "nani", "akafanyaje". Ukipata dakika tano mpaka kumi, mara mbili tatu kwa wiki, inatosha. Muda mzuri ni wakati mikono ina kazi: kumwogesha, kumsuka, kumenya ndizi. Mbele ya televisheni usijisumbue. Akibadilisha mada, mfuate.

Kuna hatari moja lazima niiseme wazi. Mazungumzo yanayohifadhi kumbukumbu ndiyo hayohayo yanayoweza kutengeneza ya uongo. Elizabeth Loftus na mwenzake Jacqueline Pickrell mwaka 1995 waliwapa watu wazima 24 hadithi ya kubuni kwamba walipotea dukani utotoni, na karibu robo yao wakaikubali, nzima au sehemu. Mwaka 2002 watafiti wengine walitengeneza picha za uongo za mtu akiwa mtoto ndani ya puto kubwa la kuruka angani; kati ya watu 20, nusu walifika mahali pa "kulikumbuka". Kama mtu mzima anafanywa hivyo, mtoto je? Kwa hiyo usitie chumvi. Hasa sentensi hii, nawasihi wazazi wote: "Bibi alilia sana ulipomwacha." Ukiirudia miaka mitatu, mtoto atakuja kuona kwa macho yake bibi akilia, na atajiona yeye ndiye aliyemliza. Mtoto hakumwacha mtu. Sema kilichokuwepo tu. Vilevile akisema alimwogopa mbwa wa jirani, usimbishie kwamba hakuogopa. Hofu ile ni yake, na mara nyingi ndiyo inayoshikilia tukio lisipotee.

Picha. Simu zetu zimejaa picha ambazo hakuna atakayejua ni za nani baada ya miaka kumi, na simu yenyewe itakuwa imeibwa au imedumbukia kwenye ndoo. Chagua kumi mpaka kumi na tano, uzisafishe studio kwa ukubwa wa kawaida wa inchi 4 kwa 6. Picha ya kupanga mstari pale Daraja la Mungu, lile daraja la asili la mwamba, ni nzuri kwa ukuta, lakini haimsaidii mtoto. Piga mlango wa jikoni, kigoda, mikono ya bibi ikimenya, ndoo, banda, kitenge alichobebewa. Chuchumaa upige kutoka kimo chake, kama sentimita 80 au 90 kutoka chini, kwa sababu hivyo ndivyo alivyoiona nyumba. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza: nani, wapi, mwezi, mwaka. Kalamu ya wino inaacha alama upande wa mbele, na wino wake huhamia kwenye picha inayofuata. Albamu zenye kurasa za gundi ziepuke; gundi inageuka njano na siku ya kubandua picha inachanika. Unyevu wa Dar unagandisha picha zilizobanana, kwa hiyo weka karatasi kavu kati ya moja na nyingine, ndani ya bahasha, juu kabatini, mbali na ukuta wa nje. Na ukituma picha kwa WhatsApp, itume kama faili. Ukiituma kama picha ya kawaida inapunguzwa ubora.

Sauti watu huisahau, na kwangu mimi ina thamani kuliko picha. Mrekodi bibi mara tatu au nne, dakika mbili mpaka tano kila mara: akimwita mtoto jina analomwita yeye, akimbembeleza, akisimulia hadithi fupi, akisalimia. Zima redio, simu iwe kama sentimita 30 kutoka mdomoni, na mwanzoni utaje wewe tarehe na mahali. Usirekodi mazungumzo mvua ikinyesha, hutasikia neno. Ila rekodi moja iwe ya mvua yenyewe juu ya bati, dakika mbili, bila mtu kuongea. Hifadhi sehemu tatu: simu yako, flashi, na simu ya ndugu anayeaminika.

Usihangaike na safari za gharama za "kumtengenezea kumbukumbu". Yanayojirudia kila siku huyeyuka na kuwa kitu kimoja. Hatakumbuka mara mia mbili alizobebwa mgongoni. Akikumbuka, itakuwa "bibi alikuwa ananibeba", na hiyo ni kumbukumbu halali kabisa. Linalobaki peke yake ni lile lisilo la kawaida: jioni ya kumbikumbi, siku ndama alipozaliwa. Ukiona moja la namna hiyo mwezi huu, anza kulizungumza usiku uleule.

Na yasipobaki maneno, bado yapo mengine. Kunyamaza haraka akibembelezwa kwa namna fulani, kutulia kwa harufu ya moshi wa kuni, kumwamini mtu mzima anayemwita kwa upole: haya hayahitaji hadithi ili yawepo. Miaka yake miwili kwa bibi haijapotea hata akija kusema "sikumbuki".

Siku ya kuondoka msimtoroshe akiwa amelala, na asiambiwe bibi amekwenda sokoni atarudi. Atamsubiri. Bibi amuage akiwa macho, kwa maneno mafupi, ampe kitenge chake kilichotumika, kisifuliwe. Wiki za kwanza Dar anaweza kulia usiku na kumtaja; mjibu kwa kumtaja pia, usimpoteze kwa pipi. Simu ya video iwe fupi, dakika tano, na bibi awe na kitu cha kuonyesha, kuku au sufuria, kwa sababu "hujambo, hujambo" tupu humchosha mtoto.

Kisha panga kumrudisha. Ukiwa na uwezo wa safari mbili tu, ningeziweka akiwa na miaka minne na nyingine akiwa na sita au saba, wiki moja au zaidi kila mara, likizo ya Desemba mvua zikiwa zimeanza ili akute sauti ileile ya bati. Nunua daftari dogo uende nalo. Mkifika, usimwelekeze wala kumwuliza kitu. Mwache atangulie getini, uone anakwenda wapi kwanza na anasema neno gani, uliandike hapohapo na tarehe yake.