Kozi za Mtandaoni Katika Shule za Umma: Tunajibu Maswali Yenu

Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026, wanafunzi walitakiwa kuchagua masomo katika mikondo mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Shule nyingi za umma Nairobi hazina walimu wa kila somo linaloruhusiwa, ndiyo maana barua nyingi za mwezi huu zinauliza kuhusu kozi za mtandaoni.

Shule yetu ni ya kutwa. Wanafunzi 14 walitaka Kifaransa lakini hatuna mwalimu. Mkuu wa shule anapendekeza wasome kozi ya mtandaoni jioni wakiwa nyumbani. Itafaulu? (Mwalimu, Kayole)

Kwa mpango huo, Mwalimu, haitafaulu. Kozi isiyo na kipindi kwenye ratiba wala mtu mzima chumbani hufa mapema, hata iwe imeandaliwa vizuri namna gani. Mwanafunzi wa kutwa akifika nyumbani anakuta maji ya kuteka, wadogo wa kuangalia, na simu moja inayogombewa na watu wanne. Akikosa wiki moja, ya pili inamkuta nyuma. Ya tatu anaona haya kurudi, na kwa kuwa hakuna anayemuuliza, anaacha.

Anzeni na ratiba. Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi, kwa sababu kuwasha mashine na kuhangaikia nywila zilizosahaulika hula dakika 10 na kufunga hula 5. Tafuteni vipindi pacha vya dakika 80, angalau mara mbili kwa wiki. Kisha teueni mwalimu mlezi. Si lazima ajue Kifaransa. Kazi yake ni kuita majina, kuangalia kila Ijumaa nani hajafungua somo kwa siku saba, kuzungumza naye, na akiona hali haibadiliki kumpigia mzazi. Kazi hiyo ihesabiwe katika vipindi vyake vya wiki. Akipewa kama nyongeza juu ya mzigo alio nao, ataiacha bila kusema.

Jimbo la Florida, Marekani, lina shule ya umma ya mtandaoni tangu 1997, Florida Virtual School. Kwa miaka mingi imelipwa kwa kumtazama mwanafunzi aliyemaliza kozi na kufaulu, si aliyejiandikisha tu, na walimu wake huwapigia simu wanafunzi na wazazi. Mfumo wao wa fedha si wetu, lakini kipimo hicho tunakipenda: hesabuni waliomaliza.

Kwa lugha kama Kifaransa, kuna njia bora kuliko kozi ya kurekodiwa. Tafuteni shule jirani yenye mwalimu, muafikiane saa, afundishe darasa lake na lenu kwa pamoja kwa video. Shule yenu itahitaji laptopu moja, projekta, spika, maikrofoni, na intaneti ya kasi ya takriban Mbps 3 (megabiti kwa sekunde) kupanda na kushuka. Darasa zima linatumia muunganisho mmoja, kwa hiyo gharama ni ndogo. Ungeni laptopu kwa kebo, si Wi-Fi. Kinachoharibu vipindi hivi mara nyingi ni mwangwi: sauti ya mwalimu inatoka kwenye spika zenu, inaingia maikrofoni yenu, inamrudia. Zimeni maikrofoni muda wote na muiwashe mtu anapouliza au kujibu tu. Mwombeni pia mwalimu aje ana kwa ana mara mbili kwa muhula, kwa sababu matamshi hayasahihishwi vizuri kwa spika ya darasani.

Binti yangu wa Kidato cha Nne amepata cheti cha kozi ya kompyuta ya mtandaoni. Je, kitahesabiwa kwenye KCSE? (Mzazi, Umoja)

La, mama. Alama za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hutoka KNEC, Baraza la Mitihani, peke yake, kwa masomo ambayo mtahiniwa amesajiliwa katika kituo cha mtihani. Tena Computer Studies ina karatasi tatu: nadharia, mtihani wa vitendo kwenye mashine, na mradi ambao mwanafunzi huufanya chini ya usimamizi wa mwalimu. Kozi ya mtandaoni inaweza kumpa maarifa ya karatasi zote hizo, lakini haiwezi kumsajili wala kuukagua mradi wake. Cheti akitunze; kitamfaa akiomba kazi ya muda au mafunzo baada ya shule.

Maabara yetu ina kompyuta 20 kuukuu na intaneti ya Mbps 10. Wanafunzi 40 wakifungua video, zinazunguka tu. Halafu mashine kadhaa zinakataa kufungua tovuti, zinasema muunganisho si salama. (Mwalimu wa kompyuta, Dagoretti)

Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Tuanze na video. Video ya ubora wa kawaida hutaka karibu Mbps 1. Wanafunzi wakikaa wawili wawili, mashine 20 zinataka Mbps 20, nawe una 10. Kwa saa moja mashine hizo zingevuta karibu 9GB. Hata ukiongeza kasi, utakuwa unalipia video ileile mara ishirini.

Ilete video shuleni mara moja tu. Kuna programu ya bure iitwayo Kolibri, ya shirika la Learning Equality, iliyoundwa kwa mahali pasipo na intaneti. Inabeba masomo ya Khan Academy, majaribio ya kuigiza ya PhET, vitabu vya CK-12 na mengine. Chukua laptopu moja yenye RAM ya 4GB au zaidi na diski ya 500GB. Ipeleke penye intaneti ya kasi, weka Kolibri, kisha pakua mada unazohitaji muhula huu tu. Ukichukua kila kitu utajaza diski na masomo yasiyofunguliwa. Rudi nayo maabara, iunge kwenye swichi (kifaa cha kuunganishia kompyuta kwa kebo) ya bandari 24: mashine 20 na laptopu hiyo zinaenea, na bandari tatu zinabaki. Katika kila mashine mwanafunzi anafungua kivinjari na kuandika anwani ya laptopu, kwa mfano 192.168.1.10:8080. Intaneti haihitajiki tena.

Kinachokwama hapa kinajulikana. Laptopu inalala baada ya dakika chache na darasa zima linapoteza somo, kwa hiyo zima mpangilio wa kulala, hata kifuniko kikifungwa. Ukuta wa usalama wa Windows unazuia mlango 8080, ile namba ya mwisho kwenye anwani, basi uruhusu. Ruta inaipa laptopu anwani mpya stima ikirudi, na kesho yake anwani uliyoandika ubaoni haifanyi kazi. Ipe laptopu anwani ya kudumu. Alama zote za wanafunzi zimo ndani ya laptopu hiyo, basi nakili folda ya data kwenye flashi kila Ijumaa na uitunze nje ya maabara.

Angalia pia mtaala. Khan Academy imejengwa juu ya mtaala wa Marekani, na utakutana na futi na pauni katikati ya hesabu. Usiwaambie wanafunzi "someni aljebra". Kaa na mtaala wa KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, mkononi, chagua video tatu au nne kwa kila mada ndogo, uzipange kama somo ndani ya Kolibri. Penye pengo, chukua nyenzo za KICD zenyewe kwenye Kenya Education Cloud. Kazi hii ya kuchagua ndiyo inayochukua muda, na ndiyo yenye thamani kuliko vifaa vyote ulivyotaja.

Ugonjwa wa pili ni betri ya shilingi chache, ile inayotunza saa ya mashine ikiwa imezimwa. Tazama tarehe kwenye kona ya skrini ya mashine zinazokataa. Tukikisia, zinasema ni 2009 au mwaka mwingine wa zamani. Cheti cha usalama cha tovuti kina siku ya kuanza na ya kuisha. Mashine inayodhani bado ni 2009 inaona cheti ambacho hakijaanza, inakataa. Chomoa waya wa stima, fungua kasha, utaona kwenye bodi kuu betri ya duara mfano wa sarafu, imeandikwa CR2032. Isukume klipu kando, betri itaruka juu. Weka mpya upande wa + ukitazama juu, washa, sahihisha tarehe na saa.

Niko Kidato cha Tatu, Mathare. Natumia simu ya mama usiku, na bando huisha haraka. Nifanyeje nisome fizikia? (Mwanafunzi)

Mwanetu, usitazame video moja kwa moja mtandaoni. Shusha ubora hadi 360p. Dakika 10 zitakula yapata 40MB badala ya maradufu yake. Bora zaidi, pakua mahali penye Wi-Fi ya bure, kama maktaba ya umma, uangalie usiku bila bando. Majaribio ya PhET yanapakuliwa moja moja kama faili ndogo linalofunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Mwenzako akiwa nalo anaweza kukutumia kwa Bluetooth.

Kabla ya kucheza video, jaribu swali moja la mada hiyo kwenye daftari hadi ukwame. Ndipo uangalie, ukijua unachokitafuta. Dakika 30 za namna hii zinakutosha. Na jaribio la kwenye skrini halichukui nafasi ya maabara: karatasi ya tatu ya fizikia itakutaka uunge saketi kwa mikono yako.

Kamati ya wazazi ina pesa za kununua tableti 30. Mnashauri aina gani? (Mzazi, Lang'ata)

Kwanza tunashauri msinunue zote sasa. Nunueni vifaa vya darasa moja, kwa somo moja, kwa muhula mmoja, wawili wakitumia kimoja. Sehemu ya fedha iwekwe kwa vitu vinavyosahaulika: kabati la chuma lenye kufuli na soketi za kuchaji ndani, vifuniko vya mpira, na spika za masikioni za akiba, maana waya wake hukatika pale unapoingia kwenye plagi.

Kabla ya kufungua akaunti yoyote, wazazi watie sahihi fomu ya idhini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto. Fomu itaje programu, taarifa zitakazochukuliwa, na nani atazifuta mwanafunzi akihama. Jina la kuingilia liwe la shule na namba fupi, wala isitumike namba ya cheti cha kuzaliwa.