Jibu: Hawa Unity ni Wakristo kweli?

Ndugu yangu, umeuliza kama hao Unity, kundi la kidini ambalo binti yako anasali nalo kule Missouri, Marekani, ni Wakristo kweli. Wenyewe wanasema ndiyo, ila si kwa namna tuliyofundishwa sisi kwenye kipaimara.

Walianzishwa mwaka 1889 Kansas City na mke na mume, Myrtle na Charles Fillmore. Mama huyo aliugua kifua kikuu, akashika neno moja tu: yeye ni mtoto wa Mungu, kwa hiyo harithi ugonjwa. Akalirudia kila siku hadi akapona, ndivyo alivyosimulia. Ukishika hilo umewaelewa. Kwao Mungu ni wema ulio kila mahali, uungu umo ndani ya kila mtu, na Yesu ni mwonyesha njia zaidi kuliko kafara ya dhambi. Mawazo ndiyo yanayojenga maisha, kwa hiyo maombi yao si kulia na kubembeleza; ni kukaa kimya, kisha kukiri lililo jema. Jehanamu? Hali ya moyo tu.

Kwenye hilo la kuponya ugonjwa kwa kukiri tu ndipo ninaposita mimi. Lakini usiwachanganye na Christian Science, kanisa jingine la Marekani ambalo waumini wake kwa kawaida hutegemea maombi badala ya dawa: Unity hawamkatazi mtu kwenda hospitali.