"Kilugha" ni neno la dharau?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, naishi Dar es Salaam na nimeolewa na Mpare. Juzi mama alinipigia simu nikiwa kazini, nikamjibu Kinyakyusa. Mwenzangu wa meza ya jirani akasema kwa sauti, "Dada, acha kilugha hapa, tuna lugha ya taifa." Niliumia sana. Naomba kujua: "kilugha" ni neno la kawaida au la dharau? Je, "lugha ya taifa" na "lugha rasmi" ni kitu kimoja? Na mwisho, fomu ya shule ya awali ya mwanangu ina nafasi iliyoandikwa "lugha ya mama". Mwanangu anajua Kiswahili tu. Nijaze nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Pole kwa yaliyokupata. Nianze na neno lenyewe.

"Kilugha" limeundwa kwa kuweka kiambishi ki- mbele ya "lugha", na utata wote unatokana na kiambishi hicho, maana kina kazi zaidi ya moja. Kazi mojawapo ni kuonyesha namna: fulani anavaa kizamani, anacheka kitoto, anatembea kijeshi. Kazi hiyo ndiyo iliyotupa majina ya lugha. Kiswahili ni namna ya Waswahili, Kipare ni namna ya Wapare. Kwenu Rungwe mnasema Ikinyakyusa, na hiyo ki- iliyo ndani yake ni ndugu wa damu wa hii yetu. Lugha nyingi za Kibantu zinayo. Kazi nyingine ya ki- ni kudogosha: mlima hupungua ukawa kilima, ndege akawa kidege, nyumba ikawa kijumba.

Sasa anayesema "waliongea kilugha" anatumia ki- ipi? Nimelisikiliza neno hili kwa miaka mingi, nyumbani, sokoni na ndani ya daladala, na naamini ni ile ya namna. Sikia watu wanavyolitumia: "Bibi alinisalimia kilugha", "Walianza kuimba kilugha", "Wewe kilugha unakijua?" Hapo hakuna anayepima ukubwa wa lugha ya mtu. Ni njia ya mkato ya kusema "kwa lugha ya kwao", bila kulazimika kuitaja jina.

Kipo kipimo kimoja rahisi, nacho ni wingi. Majina ya lugha hayakubali wingi katika usemi wa kila siku. Hujasikia mtu akisema Vinyakyusa wala Vipare. Kwa hiyo mtu akisema "vilugha", na hasa "hivyo vilugha vyenu", ameshahama kutoka kwenye namna akaingia kwenye udogo. Ni ki- ileile inayotupa "vijumba" na "vijitu", na sauti yake inajulikana. Ukiambiwa hivyo, una haki ya kukasirika. Lakini mwenzako, kwa jinsi ulivyomnukuu, alisema "kilugha". Neno hilo halikukutukana. Kilichokuumiza ni kitenzi kilichotangulia, "acha", na hicho nitakirudia.

Katika maandishi ya heshima, kama ripoti au barua, "kilugha" ni neno la mazungumzo mno. Wataalamu huandika "lugha za jamii" au "lugha za asili". Mimi hushauri jambo dogo zaidi: itaje kwa jina. "Alizungumza Kinyakyusa" ni sentensi iliyokamilika, wala haimpunguzii mtu kitu.

Sasa "lugha ya taifa" na "lugha rasmi". Watu wengi huyachanganya, na si ajabu, kwa kuwa hapa Tanzania Kiswahili kinavaa kofia zote mbili. Tazama nchi za jirani uone tofauti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, kisha inataja lugha rasmi mbili, Kiswahili na Kiingereza. Ibara hiyohiyo inaipa serikali wajibu wa kukuza na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Nenda Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: lugha rasmi ni Kifaransa, lakini lugha za taifa ni nne, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kichiluba. Mkongomani akisema "lugha za taifa" kwa wingi hajakosea sarufi wala uzalendo. Kwa hiyo lugha rasmi ni ile ambayo serikali, mahakama na bunge hufanyia kazi, na inaweza hata kuwa lugha iliyotoka ng'ambo. Lugha ya taifa ni ile ambayo wananchi wanaitambua kuwa yao wote. (Na ni "ya taifa", kama wimbo wa taifa na bendera ya taifa. "Ya kitaifa" iachie mambo ya ngazi ya nchi nzima, kama mkutano wa kitaifa au mashindano ya kitaifa.)

Kwa Tanzania, kofia hizo hazikuvaliwa siku moja. Kiswahili kilikuwa kimeshatembea na misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Wajerumani walikitumia katika shule zao na kwa maakida wao. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 ikakitumia mikutanoni. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili. Mwaka 1967 Rashidi Kawawa, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, alitangaza kitumike katika shughuli zote za serikali kadiri inavyowezekana, na mwaka huohuo ikatungwa sheria iliyoanzisha BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa. Tena sheria ya kuifanya lugha ya mahakama iwe Kiswahili imekuja mwaka 2021 tu, na sekondari watoto wetu bado wanasoma kwa Kiingereza, jambo ambalo mimi sijawahi kulikubali.

Kwa nini watu wa makabila zaidi ya 120 walikikubali? Sababu zipo nyingi, ila moja inahusu swali lako moja kwa moja. Kiswahili hakikuwa lugha ya kabila lililo kubwa kuliko mengine. Wasukuma ndio wengi, na hawakudai Kisukuma kiwe cha wote. Nyerere mwenyewe alikuwa Mzanaki, kabila dogo la mkoa wa Mara. Mnyakyusa na Mpare walipokutana katika Kiswahili, kila mmoja alikuwa ametoka nje ya uwanja wake, na hakuna aliyekaribishwa na mwenzake kama mgeni. Makubaliano hayo hayakumdai mtu aizike lugha ya nyumbani kwao.

Na lugha hizo za nyumbani zimekilisha Kiswahili hadi leo. Mwaka 1985 Nyerere alipoachia urais, nchi nzima ilijifunza neno "kung'atuka", ambalo alilichukua katika Kizanaki. "Ikulu" tumeitoa kwa Wasukuma na Wanyamwezi. "Ngeli", neno ambalo kila mwanafunzi wa sarufi analijua, asili yake ni Kihaya. Wahadhiri wa chuo kikuu wanaofanya kazi katika "kitivo" wanatumia neno lililotoka Usambara na Upare, huko alikozaliwa mumeo. Nani angetupa maneno hayo kama lugha hizo zingenyamazishwa?

Narudi kwenye "acha". Mwenzako ameichukua adabu moja nzuri ya Watanzania akaitumia mahali pasipo pake. Adabu hiyo ipo, na mimi naipenda. Niliwahi kwenda msibani Same. Wazee wa ukoo walikuwa mkekani chini ya mwembe wakipanga mazishi kwa Kipare: kaburi lichimbwe wapi, mchango uandikwe na nani. Sisi wageni tulikaa kwenye mabenchi tukizungumza yetu. Akaja mkwe wao, kijana wa Kisukuma aliyesafiri usiku kucha kutoka Mwanza. Alivua viatu, akaketi ukingoni mwa mkeka. Mzee aliyekuwa anasema wakati huo alikuwa katikati ya sentensi, nayo akaimalizia kwa Kiswahili. Hakuna aliyemkonyeza wala kumkumbusha. Kikao kikaendelea kwa Kiswahili mpaka mwisho, kwa sababu mtu mmoja asiyejua Kipare alikuwa na sehemu katika shauri lile. Kesho yake kaburini, dada wa marehemu alimuaga ndugu yake kwa Kipare, polepole, na hakuna hata mmoja wetu aliyetamani abadilishe.

Adabu ndiyo hiyo. Asiyeelewa akiwa sehemu ya mazungumzo, tunahamia lugha anayoielewa, asije akadhani anatetwa. Mwenzako hakuwa sehemu ya mazungumzo yako na mama yako. Ungekuwa unamjadili mteja kwa Kinyakyusa na mteja yupo mbele yako, ningekuwa upande wake bila kusita. Kwa simu ya mama, hapana. Ukipenda, mwambie kwa utulivu: "Kaka, nilikuwa naongea na mama yangu." Naamini atanyamaza.

Imebaki fomu. Usemi "lugha ya mama" unawasumbua wengi kwa kuwa wanausoma neno kwa neno, wakadhani wanaulizwa lugha ya mzazi wa kike. Maana yake ni lugha ambayo mtoto aliishika kwanza, awe aliipata kwa mama, kwa baba au kwa dada wa kazi. Ndiyo sababu siku hizi wengi wetu tunapendelea "lugha ya kwanza". Usiliandike "lugha mama", kwa sababu baadhi ya wanaisimu wanalitumia kwa lugha kongwe iliyozaa lugha nyingine. Mwanao amezaliwa na Mnyakyusa na Mpare waliokutana katika Kiswahili, na Kiswahili ndicho alichokishika kwanza. Jaza "Kiswahili", bila aibu yoyote.

Kama fomu ina nafasi ya lugha nyingine za nyumbani, Kinyakyusa na Kipare ziandike tu iwapo mtoto anazisikia kweli. Na kama bado hazisikii, anza na simu ya bibi yake. Akipiga tena, mpe mtoto aisikie salamu yenu ya "ugonile" kwa sauti ya mwenye lugha.