Kuhusu swali la mwanafunzi wako

Mwanangu Neema,

Barua yako nimeipata. Unasema mwanafunzi wako wa kidato cha kwanza alinyoosha mkono katikati ya somo la chimbuko la binadamu akakuuliza: "Mwalimu, mchungaji anasema Mungu alimuumba Adamu kwa udongo. Kwenye mtihani niandike nini?" Darasa zima likakutazama, nawe unataka kujua mimi ningejibuje.

Miaka yote niliyoshika chaki nilijibu hivi: "Hapa andika hivi ufaulu, kanisani amini vile." Watoto walicheka, kengele ikalia. Naijutia kauli ile, mama. Niliwazoesha kuandika wasichokiamini ili wapate alama, wala ushahidi sikuwaonyesha.

Mimi mwenyewe niliuona nikiwa nimeshastaafu, kwenye makumbusho ya Oldupai kule Ngorongoro, niliposimama mbele ya nakala ya nyayo za kale zilizopatikana Laetoli, kusini mwa Oldupai. Zenyewe zilifukiwa tena zisiharibike. Majivu ya volkano yalitanda, mvua ikayalowesha, zamadamu, viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, wakapita kwa miguu miwili, majivu mengine yakafunika. Ni miaka milioni 3.6 hivi. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey na wenzake walizifukua mwishoni mwa miaka ya 1970. Nilitazama kidole gumba: kimelala sambamba na wenzake kama changu, hakikuchomoza pembeni kama cha sokwe. Kisigino kimezama. Nilivua kofia.

Basi mwanzie hapo huyo mtoto. Mweleze pia kwamba sayansi haisemi tumezaliwa na hawa nyani wanaotuibia mahindi. Inasema sisi na sokwe tuna babu mmoja aliyetoweka zamani sana. Ugomvi mwingi unaanzia kwenye kosa la kudhani tumezaliwa na nyani. Na mtihanini aandike, "Wanasayansi wanaeleza kwamba...", kisha ataje ushahidi. Hapo hajasema uongo wala hajakana imani yake.

Mchungaji wake usimcheke darasani hata kidogo. Mtoto atarudi nyumbani na aibu, na somo lako hatalisikia tena. Waumini wenyewe hawana kauli moja: Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1996 kwamba nadharia ya mageuko, yaani kwamba viumbe hubadilika kidogo kidogo kizazi hadi kizazi, ni zaidi ya dhana tu. Mimi ni mzee wa kanisa, Mlutheri, na kila Jumapili nakiri kwamba Mungu ni Muumba wa mbingu na nchi. Nakiri kwa moyo wote, na nyayo zile nimeziona.

Ndani ya bahasha kuna picha ya ile nakala. Nimeweka mguu wangu pembeni, wanafunzi wapate kulinganisha.

Baba yako